Kamba Mbili za Mwalimu Nzunda

Vwawa,
4 Agosti 2008

Mwanangu Faudhia,

Barua hii usiisome ukiwa umesimama. Samwel wangu amekufa. Tumemzika mwezi uliopita kule Igamba kwa bibi yake, kahawa ikiwa bado imetandazwa juani na watu wa kuigeuza wakiwa msibani. Ni homa ya matumbo. Najua hujaambiwa, maana wa kukuambia alikuwa baba yako, na baba yako ndiye ninayemshtaki.

Sikupigii simu. Simu hukata salio mtu akiwa katikati ya uchungu. Jambo zito huandikwa.

Mtoto alishikwa na homa wakati wa kuchuma. Nilikwenda Tunduma mwenyewe, nikanunua dozi nzima ya Sipro dukani kwa baba yako Ayoub, rafiki yangu tangu tukiwa wavulana wa sekondari. Nikaipeleka Igamba, nikamkabidhi mama yangu mkononi: "Mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni, usiruke." Kisha nikageuka nikarudi Vwawa, kwa sababu chama cha ushirika kilikuwa na mkutano na mimi nilikuwa na hotuba. Hotuba, Faudhia! Nilisimama pale nikiwapigia kelele walanguzi wa kahawa, na makofi nikapigiwa. Niliporudi Igamba mtoto hanitambui. Hospitali walimtoa damu, wakampasua, wakakuta utumbo umeshatoboka.

Dawa ya kweli haimwachi mtoto afike huko. Nimeuziwa chaki. Nimeuziwa chaki na mtu niliyelala naye kitanda kimoja cha bweni.

Vidonge viwili vilibaki, mama alikuwa amevifunga kwenye upindo wa kanga yake. Nimevitia humu. Vipime huko chuoni kwenu. Najua nakuomba umpime baba yako mzazi. Lakini ni mimi niliyekufundisha kwamba ukiingia maabara, ukoo unauacha mlangoni.

Mwalimu wako,
Lusubilo Nzunda


Dar es Salaam,
20 Agosti 2008

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimekaa. Samwel yule aliyekuwa akinivuta nywele akiniita Dada Fau! Pole. Mfikishie pole mama yako, Bibi Enesi, ambaye najua hali wala halali.

Vidonge nimevipokea. Nitavipima, na baba sitamwambia. Kuna jambo jingine. Utafiti wangu ni wa homa hiyohiyo, na hospitali za mkoa wetu hututumia bakteria wanaowaotesha kutoka kwenye damu za wagonjwa. Huenda wa Samwel yumo humu kwenye friji zetu. Naomba ruhusa yako nimtafute.

Unakumbuka zile kamba? Kidato cha tatu ulituita mbele, mimi na Hezron, ukatushikisha ncha za kamba mbili zilizosokotana. Ukaingiza kalamu katikati ukaisukuma. Ukasema, "Hivi ndivyo DNA inavyofunguliwa ili inakiliwe." Nyuma ya kalamu kamba ziliachana vizuri. Mbele ya kalamu zilikaza, zikakaza, hadi zikajikunja kama nyoka aliyekanyagwa na kalamu ikagoma. Nikauliza, "Mwalimu, sasa huku mbele nani anafungua?" Darasa zima likacheka. Ukafoka, "Kaa chini, Makene, hilo haliko kwenye mtihani." Kesho yake ukaniita ofisini, ukafunga mlango, ukasema, "Sijui. Ukija kujua, niambie."

Kwa neno hilo moja nilisoma baiolojia. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima yake: usiandike kitu gazetini, kama ilivyo desturi yako, kabla sijakujibu.

Wako mtiifu,
Faudhia


Tunduma,
30 Agosti 2008

Ndugu yangu Lusubilo,

Leo sikuiti Mla-kahawa, wala usiniite Mchunga-ng'ombe-asiye-na-ng'ombe. Utani tuuweke kando hadi udongo ukauke.

Nilikuja msibani. Vijana walinizuia njiani wakasema ni amri yako. Nikageuza. Sikukasirika, mfiwa ana haki ya kufunga mlango wake.

Nasikia unasema nilikuuzia chaki. Lile kopo nililifungua mbele ya macho yako, ukanitania kwamba nalifungua kama mganga anavyofungua tunguri. Zaidi ya hapo sina la kusema, na nakuomba kwa umri wetu usinilazimishe.

Mtunze mama. Usimuulize sana habari za siku zile. Ni mzee, na amebeba kuliko unavyodhani.

Ayoub Makene


Vwawa,
9 Septemba 2008

Kwa Ayoub Makene, muuza dawa, Tunduma.

"Sina la kusema"! Katika maisha yangu nimebishana na wakuu wa wilaya, maaskofu na wanunuzi wa kahawa, na wote walikuwa na la kusema. Asiye na la kusema ni mwizi aliyekutwa na mbuzi begani.

Na usimtaje mama yangu. Unataka nimnyamazishe shahidi wangu mwenyewe?

Nakwambia usoni nililoliandika. Walipotangaza soko huria tulishangilia kwamba foleni za sabuni zimekwisha. Hatukuuliza ni nini kingine kitaingia kwa mlango huohuo. Leo pale mpakani kwenu dawa inapangwa meza moja na betri na vitenge, na mwenye nayo anamwita mpita njia kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiingereza. Na wewe uliyesoma, wewe unayejua, mtu anakuja kwako anasema "nipe Sipro za mia tano," unamhesabia kama karanga. Nimekuona kwa macho yangu. Hukumuuliza anaumwa nini. Hukumuuliza atamalizia dozi na nini.

Makala imetoka Jumapili. Jina la duka limo. Jina lako limo. Jina la baba yako limo, aliyeshuka Ndalambo na ng'ombe wake kutoka kwao akapokelewa na watu wa huku, na malipo ya kupokelewa ndiyo haya.

L. Nzunda


Dar es Salaam,
2 Novemba 2008

Mwalimu, shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida.

Hukusubiri.

Nimeambiwa na majirani, si na baba. Duka lilipigwa mawe. Mama mmoja alimmwagia maji machafu akiwa amesimama mlangoni. Walioandika "MUUAJI" ukutani walitumia chokaa, na mmoja wao baba alimtibia mtoto bure mwaka jana. Mwenye nyumba amemtoa. Umetaja hata babu yangu, Mwalimu. Babu amefanya nini?

Sasa majibu. Vidonge vyako ni Sipro kamili, kwa uzito wake wote. Sikuvipima peke yangu. Nilimpa mwenzangu bila kumwambia vinatoka wapi, naye akapata hivyohivyo.

Bakteria wa Samwel nimempata. Kabla sijasema habari zake, nakulipa jibu la swali lako, maana pasipo jibu hilo hutanielewa.

Anayefungua huko mbele ni kimeng'enya. Wanakiita jairesi. DNA ya bakteria ni ndefu kumshinda yeye mwenyewe mara mamia, na imeungana kama pete, haina ncha. Ndiyo sababu kamba zetu zilikaza: mimi na Hezron tulikuwa tumebana ncha, msokoto hauna pa kutokea. Jairesi ina sehemu nne, mbili A na mbili B, zimekaa pamoja mfano wa moyo wenye malango, moja juu, moja katikati, moja chini. Sehemu za B ni za juu. Zinakula nishati ya seli na kujifumba kama viganja kukamata kipande cha kamba kinachopita. Sehemu za A ni za chini, na hizo ndizo zenye kisu. Zinakata kamba nyingine, zinaikata kabisa. Lakini sikiliza, Mwalimu, hapa ndipo nilipolia siku niliyoelewa mara ya kwanza: haziachilii ncha. Kila ncha iliyokatwa inabaki imeshikwa na kimeng'enya chenyewe. Kipande kilichokamatwa kinapitishwa kwenye pengo, kinatokea lango la chini, ncha zinaungwa tena, na ungetazama usingejua kwamba pamekatwa. Msokoto umepungua. Kinaanza upya. Kisipofanya hivyo bakteria hawezi kunakili hata robo ya DNA yake, anakufa amejisokota.

Sipro inaingia kama kabari palepale penye pengo, wakati kamba imekatwa na bado haijaungwa. Jairesi inabaki imeshika ncha mbili isiweze kuziunga. Mapengo yanakuwa mengi, bakteria anakufa. Kimeng'enya chetu sisi watu kina umbo tofauti, kwa hiyo kabari inatupita.

Bakteria wa Samwel amebadilisha kiungo kimoja tu kwenye sehemu A, pale kabari inaposhika. Kisu chake kinakata na kuunga kama kawaida, ila kabari inateleza. Si kwamba dawa haimwezi kabisa. Dozi kamili ingepigana naye, pengine ingempa Samwel muda wa kufika hospitali. Dozi ndogo anaicheka.

Na bakteria wa namna hii hatokani na chaki. Chaki haimdhuru yeyote, kwa hiyo haimchagui yeyote. Huyu alichaguliwa na dawa ya kweli iliyomezwa kidogo kidogo, miaka mingi, na watu wengi.

Ninachoshindwa kuelewa ni hili: utumbo ulitoboka haraka mno kwa mtoto aliyekuwa akimeza asubuhi na jioni. Alimeza vyote?

Faudhia


Vwawa,
16 Novemba 2008

Faudhia,

Umeandika vizuri. Wakili mzuri huandika vizuri. Damu ni nzito kuliko maji, nami nilikuwa mjinga kudhani ni nyepesi kuliko wino.

Unauliza kama alimeza vyote. Yaani sasa mwenye makosa ni mtoto. Jumamosi nakwenda Igamba kuchukua neno la mama yangu, kidonge kwa kidonge, na neno hilo litakuwa makala yangu ya pili.

L. Nzunda


Igamba,
24 Novemba 2008

Mwanangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Hakuna makala ya pili.

Nilimkuta mama anapepeta maharage. Nilianza kama hakimu. "Mama, nieleze jinsi ulivyompa Samwel dawa." Hakuinua kichwa.

"Dawa ipi?"

"Mama! Niliyokuachia mkononi."

"Ile nilimpa." Akapepeta. "Niliwapa."

"Uliwapa akina nani?"

Ndipo alipoweka ungo chini. "We Lusubilo, ulikuwepo? Wewe ulishusha dawa ukapanda pikipiki. Wachumaji walikuwa wamelala ukumbini mwangu, homa ileile, maji ya kijito kilekile. Mwenzao Felista, na mimba yake, anatapika jikoni. Nimwite mjukuu wangu chumbani nimpe kidonge, niwarudie wenzake mikono mitupu? Wananitazama! Umesahau nyumba ya Jonasi? Mwanawe alipona peke yake kijiji kizima kikiugua, wakauliza amewatoa kafara kina nani. Mpaka leo pale ni majivu na mibono."

Nilikaa chini, Faudhia. Hapo chini kwenye maganda.

"Nilivikata kwa kisu," akasema. "Kila mtu kipande. Samwel nilimpa kipande kikubwa."

Hakulia. Alisema vile kama mtu anayejitetea kwa haki, na kwa mila zetu ana haki. Chakula kikiwa kimoja tunamega, na anayekula amejificha ni mchawi. Nimeandika miaka ishirini nikiusifu moyo huo, kwamba ndio uliotufaa kabla soko halijatufundisha kila mtu na lake.

Nikamuuliza vile viwili vya kwenye kanga. "Hivyo nilimfichia yeye. Nikakosa nafasi ya kumpa bila kuonwa."

Wengine wote walipona, Felista na mtoto wake pia. Wetu ndiye hakupona.

Na kuna lililobaki. Samwel alipozidiwa, mama alipanda basi la Kosta peke yake hadi Tunduma kwa baba yako, akamweleza yote. Ayoub alimwambia, "Mama, mpelekeni hospitali leo, sasa hivi," akampa nauli na dawa nyingine. Kabla ya kuondoka mama alimwapisha kwamba mimi nisijue kamwe. "Ungenichukia," ananiambia. "Na wewe ukichukia huwa unaandika."

Baba yako aliniandikia nisimuulize. Nilimjibu kwamba ni mwizi wa mbuzi.

Nimemtafuta kwa simu, haipatikani. Nimempa kondakta barua mbili, zote zimerudi. Yuko wapi?

Lusubilo


Dar es Salaam,
15 Desemba 2008

Mwalimu, shikamoo.

Baba hakuwa ameniambia hata mimi. Nilipomsomea barua yako kwenye simu ya baba mdogo Kashinje, alinitaka nirudie pale mama yako alipomwapisha. Kisha akasema, "Lusu alikuwa ameshampoteza mwana. Nimpokonye na mama?"

Yuko Ndalambo, anachunga ng'ombe wa mdogo wake. Amekuwa kweli ulivyokuwa ukimtania, ila sasa ng'ombe wapo na wala si wake.

Nilimwambia arudi mjini, ukweli umejulikana. Amekataa. Alisema, "Lile la chaki ni uongo. Lile la karanga ni kweli. Niliwahesabia wenyewe, vya mia tano, vya elfu moja. Huyo bakteria wako nimemlea mimi kaunta." Nilimwambia si yeye peke yake, mpaka mzima unauza hivyo. Akajibu kwamba mpaka mzima haukumuuzia Lusubilo.

Nina hasira na wewe, na nakumbuka ulivyofunga mlango wa ofisi ili useme hujui. Ungeweza kulisema tena neno lile mwezi wa nane. Lingetosha.

Faudhia


Vwawa,
18 Januari 2009

Ayoub,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nimekuita jina lako.

Nilipeleka masahihisho gazetini. Niliandika kurasa tano. Mhariri alizikata zikawa mistari michache, akaitia chini ya tangazo la trekta. Nilimfokea, akaniambia, "Mzee Nzunda, watu hununua moto, majivu hawanunui." Nikaenda Tunduma mwenyewe, nikasimama pale lilipokuwa duka lako, pamekuwa pa kuuza simu. Nikawaambia waliokuwapo kwamba nilikosea. Kijana mmoja akasema, "Sawa mzee, lakini si alikuwa anauza?" Niliwapa neno, sasa ni lao, hawanirudishii.

Binti yako alinifundisha juu ya kile kimeng'enya kinachokata kamba. Nimesoma barua yake hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mimi maisha yangu yote nimekuwa kisu. Nilikuwa najisifu kwamba kila palipojisokota mimi nakata: ushirika, kanisa, serikali ya kijiji, wewe. Sikuwahi kujiuliza nani ameshika ncha. Wewe ulikuwa umeshika moja, mama ya pili, mmenyamaza wote wawili, ili mimi nisifumuke. Nami nikakata tena palepale.

Nililolisema juu ya baba yako, kwamba alipokelewa na watu wa huku, hilo halikuwa hata la hasira. Lilikuwa mle ndani likingoja. Alipotuletea maziwa bweni katika kibuyu kile, mimi ndiye niliyekunywa mengi.

Na ulichokisema kwa Faudhia, kwamba bakteria umemlea wewe, si kweli chote. Ulihesabu wewe, mama akakata, mimi nikapanda pikipiki.

Naomba nije Ndalambo. Sitakuja na hotuba.

Lusubilo


Ndalambo,
7 Machi 2009

Lusubilo,

Barua imenifikia kwa mkono wa Kashinje, imelowa kidogo, mvua huku ni nyingi na mto umekata njia.

Usije. Sisemi usije kamwe. Ng'ombe hawa ndio kwanza wananizoea, wakisikia sauti ngeni hutawanyika, na yako naijua ilivyo hata ukinong'ona. Uliyoandika juu ya baba nimeyasoma. Amekuwa akiniuliza umekwama wapi siku hizi.

Faudhia anasema hivi karibuni atanionyesha picha ya hicho kimeng'enya. Nimemwambia macho yangu hayaoni vidogo tena.

Nina neno moja tu, na ndilo lililonifanya niazime kalamu. Mama Enesi atakuwa anafikiri ulikwenda kumhoji kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakwambia. Nenda Igamba, ukae chini, umwambie taratibu asikie: Ayoub hakusema.

A. Makene